Kupita Bila Kupingwa

Mimi ni mjumbe wa bodi na sijapigiwa kura hata moja.
Nilikwenda ofisi ya kaunti kulalamikia bili ya mume wangu,
dola mia tisa za mashine iliyompima moyo dakika nne,
karani akaniambia, mama, malalamiko ni dirisha la pili,
hapa tunatoa fomu za wagombea.
Dirisha la pili lilikuwa na foleni.

Wilaya yetu haina mkuu wa wilaya, haina gereza wala mahakama.
Ni mstari tu kwenye ramani: unafuata reli, unaruka kijito,
unamtenga Orville Stenerud na ng'ombe wake,
yeye analala ndani, wao wanalala nje.
Ndani ya mstari kila mwenye nyumba anakatwa kodi kidogo,
kodi inalisha hospitali moja, vitanda kumi na vinane,
hospitali inaongozwa na viti vitano,
na kiti cha kanda ya tatu kilikuwa kitupu
tangu Bi Arrambide ahamie kwa binti yake Nevada.

Nikajaza. Jina: Nelda Quist. Kazi: dereva mstaafu wa basi la shule.
Nikangoja mpinzani. Maneno nilikuwa nayo,
nimeyafanyia mazoezi mbele ya friji.
Ijumaa, saa kumi na moja jioni, dirisha likafungwa
na hakuna aliyekuja.

Novemba karatasi ya kura ikatoka, ndefu kama risiti ya Krismasi:
rais, seneta, jaji, mkaguzi, maji, mbu
(naam, mbu wana bodi yao, na mbu waligombaniwa na watu watatu)
lakini hospitali haikuwemo.
Pasipo mashindano, wino wa nini?
Nikaapishwa Jumanne, koti langu bado lina theluji.

Kikao cha tatu wakaleta suala la wodi ya wazazi.
Watoto thelathini na wanane kwa mwaka mzima,
wauguzi wa kukodi, kwa wiki, kwa bei ya trekta.
Mhasibu alizungumza taratibu
kama mtu anayemvua soksi mtoto aliyelala.
Viti vya umma arobaini; walikaa wawili,
mmoja wao alikuwa amekimbia baridi.
Wajumbe wawili wakasema ibaki. Wawili wakasema ifungwe.
Kisha wakanigeukia mimi,
mimi niliyezaa mara mbili katika chumba kile
chenye dirisha linalotazama ghala la ngano,
na nikauona mkono wangu umesimama
upande wa hesabu.

Sitajitetea. Ingebaki, mishahara ingekwisha Machi
na mlango wa dharura nao ungefuata.
Nasema hivi dukani, nasema kanisani,
nasema peke yangu nikizoa majivu ya jiko.

Februari, Yesenia Balderas alijifungua ndani ya pikapu,
maili ya thelathini na moja, taa zikipepesa kwenye theluji.
Mtoto mzima. Mama mzima.
Mumewe, Efraín, ndiye anayenibadilishia matairi.
Alinibadilishia mwezi ule bila kusema neno
na bakshishi hakuipokea.

Kiangazi hiki karani akanipigia: muda wako unakwisha,
kama bado unakitaka kiti, njoo.
Nikamkuta Efraín kwenye dirisha la kwanza,
kucha zina grisi, kidole kimefika penye kanda ya tatu.
Alikuwa akipapasa mifuko.
Kalamu ya kaunti ilikuwa na mnyororo, haikuwa na wino.

Nikampa yangu.

Akaandika polepole, kwa herufi kubwa,
kama anayechonga jina kwenye benchi,
nami nyuma yake, nashika namba yangu ya foleni,
nikiona ile ya tatu, ile ya manjano, haijashika kitu.
"Kandamiza," nikamwambia.
"Kuna nakala mbili chini."