Kifundo cha Pili

Łódź, mwezi wa pili, theluji imegeuka tope,
na Jadwiga Sobczyk, fundi wa redio mbovu,
amechomeka waya mwekundu, halafu wa kijani,
kwenye sanduku alilojiundia
kwa mbao za kabati la marehemu shangazi.

Kwanza ni wimbi la msumeno, bichi,
meno yote nje.
Mama yake, chumba cha pili, hageuki.
Miaka thelathini na moja kiwandani,
mitambo mia nne ya kufumia ikipiga pamoja,
ilimchuja masikio: zikaenda s na f,
zikaenda kengele za tramu, wakaenda shomoro.
Yakabaki mazito tu,
ukoko chini ya chungu.

Kifundo cha kwanza hufanya vivyo hivyo.
Kisogeze kushoto, meno yanang'oka moja moja,
sauti inasema a, kisha o, kisha u,
mdomo unaofumba.
Jadwiga hahitaji kufundishwa. Amekua nacho nyumbani.

Lakini cha pili
hukamata kinachotoka
na kukirudisha mlangoni, kiingie upya.
Kidogo tu, na pale kwenye ukingo,
pale sauti inapokatwa,
panavimba, panang'ara,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Ongeza: panaongea kwa pua.
Ongeza: besi inakonda (hakuna cha bure)
na ncha moja nyembamba inasimama peke yake.

Anachomoa waya mwekundu.
Msumeno umenyamaza. Hakuna kinachoingia.
Sanduku linaendelea kuimba.

Si muujiza. Ni mchakarisho wa transista,
joto lile dogo lisilokoma,
limezunguka, limejisikia, limezunguka tena
mpaka likawa noti.

Anaishusha. Chini. Chini zaidi, hezi hamsini na kitu.
Kikombe kinatetemeka kwenye kisahani.
Mlango unafunguka. Mama, na soksi zake za sufu,
anaweka kiganja juu ya meza,
kati ya koleo na makombo ya mkate wa shayiri.

"Mtambo namba kumi na saba," anasema.
"Ule uliokuwa ukiyumba."
"Siyo, mama."
"Nausikia."

Nje tramu inapita, haisikiki kwake.
Jadwiga habishi.
Anashika kifundo cha pili kwa vidole viwili,
anaongeza unywele mmoja kulia.