Toleo la Kumi na Sita

Wingu la Luleå halinyeshi;
ni ghala lingurumalo kando ya mto,
na humo mna mapishi ya mamake Ingegärd.

Usiku alimtuma wakala: panga, sahihisha, hifadhi.
Naye, mtiifu kuliko sisi sote,
palipoandikwa "chumvi, kiganja cha Torsten"
akaweka gramu kumi na tano.

Asubuhi Ingegärd akasoma, kahawa ikapoa.
Kiganja cha babake!
Kidole kimoja kilikwenda na msumeno,
vingine vilizikwa Machi,
ardhi ikiwa bado jiwe.

"Rudisha," akaandika.
Wakala hakuuliza kwa nini.
Toleo la kumi na sita likarudi
na kosa lake, na kidole kilichopungua.

Mkate ukatoka na chumvi haba,
kama kawaida.