Fundi Hajaulizwa

Nimewazika wanne wa kijiji hiki
walioshikilia hadi pumzi ya mwisho
kwamba trekta lao halikuwahi kuwaangusha.
Niliitikia. Vitanda vilinuka dawa, mikono yangu ilinuka dizeli,
na mgonjwa hakosolewi.

Leo mvua ya barafu inagonga bati la karakana,
redio imekufa, chai ina limau,
na Zenobiusz na Gerwazy wamekaa tena juu ya matairi yangu
wakiligombea lilelile.

Zenobiusz ni mtu wa Ursus.
"Silinda mbili," asema, vidole viwili juu kama anayekula kiapo.
"Mbili tu. Kisichokuwemo hakiharibiki."
Hataji mafuta yanayovuja usiku kucha,
lile doa jeusi uani
ambalo hata kuku wamejifunza kulizunguka.

Gerwazy ni wa Zetor.
Aliinunua mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza
na hulitamka jina lake kwa upole
ambao binti hajawahi kuusikia.
"Inainua jembe," asema, "kama mama ainuavyo mtoto aliyelala."
Hataji Januari ile, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
alipokoka moto wa mabua chini ya tumbo la injini
akapiga magoti kuupuliza,
na mkewe, dirishani, akadhani anasali.

Pengine alikuwa anasali.

Wit, Mungu amrehemu, alikuwa na Belarus:
nguvu za fahali, akili za fahali.
Na Bibi Apolonia angali na Lanz kuukuu ya Wajerumani,
pistoni moja, pana kama sufuria ya harusi,
ambayo huipashi moto kwa taa ya kupuliza, haiamki.
Ikiamka, vikombe hucheza kabatini nyumba tatu.
Siku moja iliwaka kinyumenyume
ikarudi ghalani kwa kupitia ukutani.
"Angalau," alisema bibi, akiokota mbao,
"inajua kwao."

Mwamba ngoma huivutia kwake ngozi.
Hawa wawili huvutia kwao hata nati.

Kwenye droo, chini ya spana za kumi na saba,
nina daftari la miraba. Miaka thelathini na mmoja.
Klachi ya nani, mwezi gani, kwa pesa
au kwa gunia la viazi.
Hakuna aliyewahi kuliomba.
Humo imeandikwa pia, kwa penseli, herufi ndogo,
ule mwaka vipuri vya Zetor vilipoadimika:
nilichukua starta ya Ursus iliyokufa bondeni,
nikachonga matundu mawili kwa tupa, siku nzima,
nikaifunga kwa Gerwazy.
Sikumwambia. Inazunguka hadi leo.
Na kiti anachokalia Zenobiusz tangu kile cha kwanza kioze,
kile anachokisifia kwamba "Wapoland walijua kutengeneza kiti",
ni cha Zetor.
Nilikipaka rangi mara mbili.

"Halszka," asema Gerwazy ghafla, "na wewe je?
Lipi ni la kuaminika?"
Miaka thelathini na mmoja, na sasa ndiyo naulizwa.
Mkono wangu uko juu ya droo.
"Giza linaingia," nasema. "Barabara itateleza."

Nje, Zetor inakohoa mara moja, inanyamaza.
Inakohoa. Inanyamaza.
Gerwazy anaitukana betri, anamtukana aliyeuza betri.
Zenobiusz hacheki. Nilidhani atacheka.
Anashuka polepole, goti lake baya kwanza,
anatandaza mnyororo juu ya barafu,
anafunga ndoano kwa mikono yake mwenyewe,
na wanaondoka hivyo, taa moja ikiwaka kati yao,
mmoja akivuta, mmoja akivutwa,
wote wawili wakipayuka kushinda kelele za injini,
na kutoka hapa siwezi kusikia wanabishania nini.

Nafungua daftari. Ijumaa.
Zetor: betri.
Ursus: imevuta vizuri.
Natazama kizingitini, naongeza:
doa jipya, la ukubwa wa sahani.