Sitini na Moja

Saa nne asubuhi, mjini Łódź,
theluji ya Machi inachuruzika kiooni,
Kacper anawasha skrini
na matufaha yanaanza kuanguka.

Si matufaha ya kuliwa. Ni ya mwanga,
mekundu kama taa ya kusimamisha tramu,
na ukinyoosha mkono ukalidaka moja
unasikia kengele: ting.
Mtoto wa miaka mitano angecheka.
Sisi hatucheki. Sisi tunatokwa jasho.

Zamu ya kwanza ni yangu.
Mimi Ignacy, dereva wa tramu miaka thelathini na miwili,
nimesimamishwa juu ya kibao kinachopima uzito wa nyayo,
na kule skrinini kijana mwenye kofia ya sufi
anateleza mlimani kwa niaba yangu.
Nikiegemea kulia, anakwenda kulia.
Nikiegemea kushoto,
hapo pana mjadala.
Kushoto kwangu kumekuwa nchi ya kigeni
tangu Novemba, tangu asubuhi ile kijiko kilipodondoka
nami nikakitazama kama kijiko cha jirani.

"Pinda, Bwana Ignacy, pinda kwenye bendera!"
Kijana wangu, namjibu, tramu haina usukani.
Miaka yote ile reli ndiyo iliyojua njia;
kazi yangu ilikuwa kwenda na kusimama.
Anacheka. Nagonga mti.
Nagonga mti wa pili, na kibanda cha mbwa.
Skrini inaniandikia: Jaribu tena!
kwa adabu inayouma kuliko tusi.

Kisha Bi Bogumiła.
Mfumaji huyo, alihudumia mitambo kumi na miwili
katika kiwanda ambacho leo kinauza viatu na kahawa.
Kelele zilimla sikio moja,
kiharusi kikaja kudai mkono,
na maneno yakavurugika kama nyuzi mbele ya paka:
akitaka chumvi, husema "Jumanne".
Lakini hesabu hazikumtoka. Hesabu zilibaki.

Mchezo wake una masharti:
adake jekundu, aliache la kijani,
na sheria ikigeuka, naye ageuke,
mkono na akili vikivuta jembe moja.
Mkono wa kushoto unapanda
kama ndoo kutoka kisima kirefu,
unayumba, unamwagika, unapanda tena.
Ting.
Kimya. Nimemaliza nusu ya chai yangu.
Ting.

Siku ile ukakwama begani.
Kacper, kwa huruma, akainama kumshika kiwiko,
na kamera, jicho lisilojua nani ni nani,
ikauona mkono wake yeye, mzima, wa miaka ishirini na sita,
ikaugawia matufaha saba kwa mpigo.
Fataki. Nyota. Sitini na nane!
Nikapiga paja kwa mkono nilio nao,
maana hata mwenye wivu ana adabu.

Bi Bogumiła hakutazama nyota.
Aliitazama namba jinsi alivyoitazama, nadhani,
karatasi ya mshahara, enzi za kulipwa kwa mita,
msimamizi alipomwandikia kitambaa cha mwenzake.
Midomo ikatafuta. Ikapita Jumanne,
ikapita chumvi, ikapita jina la paka,
ndipo likatoka, neno zima, na kona zake zote:
"Futa."

"Bibi, si kitu, ni mchezo tu."

"Futa. Saba."

Mashine haijui kufuta. Haikuundiwa aibu.
Kacper akahangaika na vitufe, akakata tamaa,
akabandika kipande cha plasta kwenye kona ya skrini,
juu, kushoto, akaandika kwa kalamu: 61.
Bibi akausoma mwandiko. Akatikisa kichwa, ndiyo.
Akautazama mkono wake pale mapajani
kama mtu amsubiriye mtoto mzito wa kuamka.

Jana nilirudi kibaoni.
Plasta bado ipo, imejikunja pembeni,
hakuna aliyethubutu kuibandua.
Kijana wangu wa kofia ya sufi aliteremka kasi,
akapita nyuma ya sitini na moja, akapotea,
nami nikaegemea, sijui kwa mguu upi,
na alipotokea, alitokea kushoto.

Kisha akagonga mti.
Mmoja.