Wapagazi Mikono Mitupu

Daktari kanigeuzia kioo cha kompyuta,
kidole juu ya neno refu: transferini.
Akaona macho yangu, akalitafuna kwanza:
"Ni wapagazi, Bi Mwanakheri.
Wanazunguka damuni usiku na mchana,
kila mmoja mikono miwili,
kila mkono chembe moja ya chuma,
hadi ndani ya uboho, damu inakopikwa."

"Ninao wangapi?"
"Wengi mno."
Nikatabasamu. Kwetu wingi ni neema.
"Ila katika mikono mia, saba tu imeshika kitu.
Ini limeona njaa, linaajiri,
linaajiri tena,
na mzigo haupo."

Kumbe.
Kumbe ndiyo maana kilima cha Burngreave
kimerefuka tangu Pasaka,
kucha zimebonyea kama vijiko,
na usiku, mume akikoroma,
nafungua friji natafuna barafu,
kru, kru, kama mbuzi kwenye mahindi makavu.
Mimba ya Shamsa nilikula udongo, nikasingizia mimba.
Barafu nimsingizie nani?

"Damu yako inakwenda wapi?" aliuliza.
Nikatazama viatu.
"Sijui, Daktari."

Kwenye tramu nikacheka peke yangu.
Sheffield! Mji uliofua visu, reli, makasi,
chuma hadi kwenye mifereji ya mvua,
nami napita katikati
bila msumari mmoja mwilini.

Jumanne, kiti cha dripu.
Jirani yangu Bwana Ollerenshaw,
miaka thelathini na moja kiwanda cha visu,
ngozi rangi ya shaba na si kwa jua.
Wapagazi wake wameelemewa, themanini na nane kwa mia;
karithi kwa baba, karithi kwa mama,
chuma kikafurika, kikamwagikia ini,
kikamkaza vidole.
Yeye anatolewa painti ya damu,
mimi natiwa maji meusi kama chai ya rangi.
"Tungeunganisha mirija," akaninong'oneza,
"serikali ingeokoa pesa."
Nikacheka mpaka sindano ikauma.

Labda ni kicheko kilichofungua.
Mama alisema ukoo wetu ndivyo ulivyo,
mwanamke hufunga khanga, hunyamaza.
Nesi alipoinama kupima mapigo
nikamwambia, kwa sauti ya kawaida,
kama anayetaja bei ya vitunguu:

"Siku tisa. Kila mwezi.
Mwaka wa nne huu."

Kalamu yake ikasimama.
Akavuta kiti.