Hajanawa

Ukumbi wa Randiki, Manyatta, nyuma ya kinu cha unga:
shilingi kumi mlangoni, mabenchi yasiyo na mgongo,
jenereta inakohoa nje kama mtu anayetaka kuitwa ndani.
Filamu yenyewe, walisema, ilipigwa hukuhuku kwetu
kwa pesa za wageni.

Usiku ule tuliamini kila kitu.
Tuliamini helikopta ikipita chini ya daraja.
Tuliamini risasi sitini za bastola moja,
na jambazi aliyeanguka kutoka ghorofa ya tisa
akajipangusa suruali, akaomba kiberiti.
Hakuna aliyeguna. Tulikuwa tumelipa.

Kisha shujaa akarudi kwao.
Mama kamwandalia ngege mzima, ugali unafuka mvuke.
Akala kwa vidole vyote, mchuzi ukamshuka hadi kiwikoni.
Simu ikalia. Akasimama,
akamkumbatia mamake, gauni jeupe la Jumapili,
mikono yote miwili mgongoni,
akatoka.

"Hajanawa!"
Ilikuwa sauti ya Mideva, benchi la mbele.
"Jamani, hajanawa!"
Fundi viatu akadakia, kisha muuza mkaa,
kisha hata yule mtoto aliyepenyeza chini ya turubai bila kulipa.
Kuanzia hapo hatukuitazama tena vita.
Tulikuwa tunaukagua mgongo wa mama:
sokoni, mweupe. Kituo cha polisi, mweupe.
Na shujaa alipokata roho mwishoni, fidla zikilia,
mtu akanong'ona gizani,
"Na mikono ileile."
Tukacheka mpaka Randiki akawasha taa.

Njiani, tukiambaa na mitaro ya Kondele, nikamuuliza Mideva:
helikopta umeimeza nzima, ikakushinda mikono?
Akasema, "Helikopta sijawahi kupanda.
Ngege nimekula jana."

Sikumjibu. Nina ugonjwa wangu mwenyewe.
Nilinunua riwaya Kibuye, haina jalada,
ilikuwa imefungiwa kandambili.
Ukurasa wa kumi na tisa mjane anahesabu nauli ya Siaya.
Sarafu moja inamponyoka, inabingirika,
inaingia chini ya gunia la mtama.
Mwandishi anaendelea na safari yake.
Kuna harusi baadaye. Kuna kesi ya shamba.
Wanazikwa watu wawili, mmoja kwa makosa.
Mimi bado nimepiga magoti pale,
shavu sakafuni, napapasa chini ya gunia.

Nimeisoma mara nne.
Harusini napita haraka, kama mtu aliyekuja kudai deni.
Gunia lile linauzwa ukurasa wa themanini, nikashika pumzi:
sasa wataliinua, sasa itaonekana.
Walilibeba wanaume wawili wakizungumzia mvua.
Sakafu haikutajwa.
Alisahau? Au alijua nitabaki nikiinama miaka yote hii?
Mideva anasema alisahau, na nilale.
Lakini riwaya nyingine nilizosoma mwaka ule,
zilizookota kila kilichoanguka,
sikumbuki hata moja.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mezani, samaki katikati.
Simu ikalia kutoka Vihiga: dadake kajifungua,
baada ya miaka kumi na mmoja ya kuulizwa maswali.
Mideva aliruka, kiti kikaanguka,
akanikumbatia kwa mikono yote, nyanya na miiba na vyote,
na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia sikioni,
"Hujanawa."

Alicheka akilia. Akanawa, akaondoka na basi la saa tisa.
Nikabaki na masufuria, nikimwazia yule shujaa.
Tulimwonea.
Mtu aliyeitwa ghafla hukumbatia hivyohivyo.
Ni gauni lililotudanganya,
gauni lililotoka mle mikononi likiwa jeupe.

Shati langu nimelifua mara tatu, mara ya mwisho kwa limau.
Liko pale, chini ya bega la kushoto,
la manjano, la mviringo,
kubwa kama sarafu.