Lulu Nyeupe

Kalenda ya duka la pembejeo ilikuwa na picha moja tu
kwa miezi yote kumi na miwili:
mchanga mweupe kama unga wa muhogo,
viti viwili, mwavuli, na jina kwa herufi za dhahabu,
Ufukwe wa Lulu Nyeupe, Mwanza.
Tuliitundika juu ya debe la unga. Unga ulipungua,
ufukwe ukabaki pale pale.

Mama mkwe akatoa kidumu cha lita tatu.
"Niletee maji ya chumvi, niloweke mguu."
Mama, lile ni ziwa.
"Maji yasiyo na ng'ambo," akasema, "hayawezi kukosa chumvi."
Nani abishane na mguu uliovimba?
Tulitoka Nzega usiku, mimi na Milembe,
kidumu kitupu kikinigonga goti.

Kiingilio elfu tano. Mtoto nusu,
ila Milembe ni mrefu, akalipiwa utu uzima.
Kiti, elfu mbili kwa saa. Kivuli nacho kina bei yake.
Kukaa chini? Chini kuna dagaa,
wameanikwa kutoka ukutani hadi majini,
na mwenye dagaa, Bi Nyanjige, ana fimbo
ya kunguru na ya wageni.

Mchanga, rangi ya majivu ya jikoni.
Magugu maji yalikuwa yamewahi
yakachukua nafasi zote za mbele.
Minazi miwili ya plastiki, mmoja umefungwa waya,
na kibao: USIOGELEE. KIBOKO.
Milembe alisoma kwa sauti, akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Sasa tunafanya nini?"
Tunatazama. Ndicho tulicholipia.
Wadudu wa ziwa wakatuingia puani, wakaingia kwenye soda.
Kijana mmoja mwenye kamera akatuita tupige picha
mbele ya turubai lililochorwa ufukwe:
ule ule, viti viwili, mwavuli.
Nyuma ya turubai ziwa lenyewe
lilikuwa linapumua, kijani, bila kuulizwa.

Milembe akachovya kidole, akaonja.
"Hayana kitu." Akaonja tena, apate hakika.
Nikajaza kidumu penye uwazi kati ya magugu.

Stendi ya Nyegezi nikanunua chumvi ya Uvinza,
pakiti moja. Nikamimina yote, nikatikisa.
Milembe aliona. Hakusema neno hadi Shinyanga,
kisha akasema, "Tia na mchanga kidogo."
Tukakung'utia viatu vyetu mdomoni mwa kidumu.

Sasa mguu umo ndani ya beseni.
Mama mkwe kafumba macho.
"Kubwa?"
Kubwa, mama.
"Na mchanga, mweupe kama ule?"
Natafuta neno.
Milembe anachuchumaa, anashika ukingo wa beseni
kwa mikono miwili, analitikisa taratibu,
hadi maji yanapanda kifundoni, yanashuka,
yanapanda.